Makombo ya Senyora

Mtakatifu Roko, mlinzi wa hasienda yetu, yaani shamba kubwa la miwa, aliponea chupuchupu kufa njaa msituni kwa sababu mbwa wa tajiri mmoja alikuwa akichukua mkate mezani kwa bwana wake na kumpelekea. Padri alituhubiria hivyo kila mwezi wa nane, siku ya sikukuu, na kila mwaka mimi nilimtazama yule mbwa wa mbao miguuni pa mtakatifu, mkate mdomoni, nikawaza kwamba mishumaa yote ile ilikuwa imewashwa mbele ya mtu asiyestahili. Wenye hasienda waliielewa hadithi kwa namna yao. Walielewa kwamba watakatifu hula kilichobaki mezani kwa matajiri, na kwa kuwa sisi wakata miwa tulikuwa karibu na mbingu kuliko wao, wakatusaidia kufika.

Sikukuu yenyewe ilifanyika nyumba kubwa, kwa Senyora mwenye hasienda. Nguruwe watatu wazima walizungushwa juu ya makaa tangu alfajiri, wamechomekwa kwenye mianzi, matumbo yameshonwa na mchaichai ndani. Wageni walikuja kwa magari kutoka mjini Bacolod, wengine kwa ndege kutoka Manila. Sisi tulipata harufu. Kesho yake ndipo lilipokuja lori, lilelile lililobeba miwa yetu kwenda kinuni, safari hii limebeba masufuria. Mnyapara Godo alisimama juu na upawa, sisi tukapanga mstari chini na mabakuli. Kila aliyemiminiwa alisema, "Tunamshukuru Senyora." Asiyesema, Godo hakumsahau. Mimi pia si msahaulifu.

Mwezi wa nane kwetu ni katikati ya msimu mfu. Miwa imeshakatwa, kinu kimezimwa, hakuna kazi wala ujira mpaka kiwashwe tena. Watu wa mjini hudhani kilichokufa ni msimu. Nikiwa kijana kuna mwaka sukari ilikosa bei, tukazika watoto mpaka fundi seremala akaishiwa mbao, akawa anabomoa kitanda chake. Nyumba kubwa nao walionja dhiki mwaka ule. Walichoma nguruwe wawili tu. Senyora Charito husimulia mpaka leo, na sauti humkatika.

Kwa hiyo makombo tuliyajua vizuri. Ngozi ya nguruwe wa kuchoma, ile inayovunjika kama kigae mdomoni mwa mgeni, kwetu ilifika imelegea kama soli ya ndara. Wanawake wetu waliifufua. Kichwa kilichemshwa kwa siki na maini yaliyopondwa. Samaki aliyebaki mgongo alichambuliwa, akapigwa na yai na bilingani, akarudi duniani kwa sura nyingine. Wali mkavu ulikaangwa asubuhi na vitunguu saumu, na ukoko wake ukagombewa. Mifupa iliingia kwenye mbaazi.

Kwa mbaazi hakuna aliyemfikia Nang Sorsing. Nang kwetu ni dada mkubwa na Nong ni kaka. Mtu aliyekuzidi umri au cheo humwiti kwa jina tupu, hata kama humpendi. Nang Sorsing alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na ulimi ambao mumewe Eliseo alikuwa akiukimbilia mashambani. Mbaazi zake nyeusi alizipanda nyuma ya nyumba, akazipika na fenesi bichi na tunda letu chachu la batwan, akatia mifupa ya lori, na mchuzi ukatoka na rangi ya zambarau kama jeraha lililovilia damu. Ukila, unasahau ulikotoka.

Eliseo alikufa mwezi wa pili. Aliteleza kwenye ubao wa kupandia lori akiwa na mzigo wa miwa begani. Hasienda ilileta jeneza na kilo kadhaa za mchele, na Senyora akatuma shada la maua lenye jina lake kubwa kuliko la marehemu.

Wiki moja kabla ya sikukuu, Godo alifika kwa Nang Sorsing saa ya chakula. Habari mbaya Godo huzileta saa ya chakula.

"Karibu tule, Nong Godo," alisema Nang Sorsing. Kwetu huwezi kula mbele ya mtu usimkaribishe, awe adui au nani. Na anayekaribishwa hukataa mara ya kwanza, hata kama tumbo linamlia. Mara ya pili ndipo hukaa.

"Hapana Nang, nimeshiba."

"Kaa bwana. Kidogo tu."

Akakaa. Akala, akaongezewa, akafyonza mfupa, akapangusa mdomo kwa kiganja. Ndipo akasema, "Hii nyumba, Nang. Kuna dereva wa trekta anakuja kinu kikiwashwa. Ana mke na watoto."

"Na mimi nina nini?"

"Wewe huna mkata miwa. Unajua utaratibu. Nyumba ni ya anayefanya kazi."

"Nilikuwa naye. Mmemtumia mpaka akaisha."

"Usinisemeshe mimi. Mimi nimetumwa."

"Na kula umetumwa?"

Godo akachukua kofia yake. "Mpaka kinu kiwashwe," alisema mlangoni, kwa upole wa mtu aliyeshiba.

Nyumba yenyewe, kwa anayetaka kujua, ilikuwa vyumba viwili vya mianzi na bati lililotobolewa na kimbunga. Eliseo aliijenga kwa mikono yake juu ya ardhi ya hasienda, kwa mianzi ya hasienda, siku za Jumapili, ambazo nazo nadhani zilikuwa za hasienda. Binti yao mmoja alizaliwa humo na sasa anafua nguo za watu Kuwait. Nang Sorsing hakuwa na pengine pa kwenda. Mimi nilimwambia tuitishe mkutano, twende nyumba kubwa sote, tukae barazani mpaka watusikilize.

"Mwaka ule mlikaa barazani," alinijibu. "Mkapewa nini?"

Tulipewa maji ya kunywa, kisha tukaletewa askari.

Sikukuu ikafika, ikapita, na kesho yake lori likaja. Safari hii kulikuwa na mgeni aliyelala nyumba kubwa, Bwana Ylagan wa Manila, mtu aliyejipatia jina kwa kula mbele ya kamera. Anakula, anafumba macho, nchi nzima inamtazama alivyofumba. Mchana ule alishuka kwenye nyumba zetu kupiga picha kuta za mianzi, ambazo yeye aliziita urithi. Akafika kwa Nang Sorsing, sufuria ikiwa jikoni.

"Karibu tule, bwana," alisema Nang Sorsing.

Yeye hakukataa hata mara moja. Alikaa kabla neno halijakauka. Akaonja, akafumba macho, na hakukuwa na kamera. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Mama, hiki ni nini?"

"Mbaazi."

"Hapana. Hiki ni nini?"

"Ni chakula chenu cha jana, bwana," alisema Nang Sorsing. Mtu wa Manila akacheka sana, akadhani ni utani.

Jioni ile alimwuliza Senyora kuhusu mbaazi zenye nguruwe wa kuchoma alizokula kwa Nang Sorsing. Senyora Charito, ambaye maishani mwake hajawahi kumenya kitunguu, alisema bila kupepesa kwamba ni chakula cha bibi yake mzaa mama. Bwana Ylagan akaweka mkono kifuani. Akasema atarudi baada ya wiki mbili na kamera zake, na rafiki yake mwenye mahoteli anayetafuta nyumba za kale za kugeuza kuwa za wageni. Sukari ilikuwa inashuka bei tena. Senyora akaona nyumba kubwa imejaa watu wanaolipa ili walale kwenye vitanda vinavyolia.

Mpishi wake alijaribu. Alinunua nyama mbichi nzuri sokoni, akachemsha mbaazi za dukani, ikatoka kitu kama maji ya kuoshea vyombo. Akajaribu tena akatia sukari. Siku ya tatu Godo alitumwa kwetu, na safari hii hakuja saa ya chakula.

"Nang Sorsing, dada yangu, Senyora anakuita. Vaa vizuri."

"Nina gauni la mazishi tu."

"Hilohilo linatosha."

Nilimsindikiza. Nilisimama nje ya mlango wa jikoni, ambao ndio mlango wetu, na nilisikia kila kitu.

"Unatia nini?" aliuliza Senyora.

"Makombo, Senyora."

"Makombo gani?"

"Ya kwenu. Yanayokuja na lori."

Nadhani Senyora alikuwa anamtafuta bibi yake humo. "Sawa," alisema. "Tutachoma nguruwe Ijumaa, tumweke mpaka Jumamosi, umpike. Wageni watakula mchana."

"Haitafaa, Senyora."

"Kwa nini haitafaa?"

"Huyo atakuwa nguruwe aliyechelewa tu. Makombo ni mpaka watu wawe wamekula. Wamkate, wamshikeshike, wacheke, washibe, waache. Hapo ndipo nyama inalegea roho. Nyama ambayo haijaachwa na mtu bado ina kiburi, haikubali mbaazi."

Mimi pale nje niliziba mdomo kwa mkono.

"Basi tutamla sisi Ijumaa," alisema Senyora.

"Nguruwe mzima, Senyora? Watu wangapi?"

Senyora alikuwa amekatazwa mafuta na daktari. Watoto wake wako ng'ambo. Wageni ndio hao wa Jumamosi, na huwezi kuwaita matajiri wa Bacolod waje kula Ijumaa ili wengine wale mabaki yao Jumamosi, habari hutembea.

"Watu wapo," alisema Nang Sorsing taratibu. "Wako pale chini. Hawana kazi Ijumaa."

Nilingoja Senyora acheke au amfukuze. Lakini alikuwa ameshaona mahoteli, na mtu aliyeona mahoteli haoni kingine. "Godo atasimamia," alisema.

"Na nyumba yangu, Senyora?"

"Kwanza chakula kifane. Kisipofana sitaki kukuona hapa, wala kinu hakingojwi."

Tulipokuwa tunashuka nilimwuliza kama ni kweli, hayo ya kiburi cha nyama.

"Nitajuaje?" alisema. "Mimi sijawahi kupika nyama ambayo haijaachwa na mtu."

Ijumaa, kwa mara ya kwanza tangu hasienda ianze, nguruwe wa kuchoma alishuka kwetu kabla ya kuguswa. Alikuja juu ya mwanzi wake, mwekundu, anang'aa, mafuta yanamtiririka, mabegani mwa vijana wanne wa nyumba kubwa walioona aibu kutubebea. Akalazwa juu ya majani ya mgomba mbele ya kanisa dogo, karibu na Mtakatifu Roko na mbwa wake. Godo akapanda kwenye benchi.

"Sikilizeni. Hii si zawadi. Hii ni kazi. Kuleni, chekeni, mshibe, lakini bakizeni. Senyora anataka makombo, na yawe mazuri. Mmeelewa?"

"Tubakize kiasi gani, Nong Godo?" aliuliza Nong Bador, mkata miwa mzee asiye na meno mawili ya juu.

"Kama sisi tunavyowabakizia."

"Ah. Kidogo, basi."

Watu wakacheka, na Godo akaridhika, maana kucheka kulikuwa kwenye maagizo.

Nang Ludi, jirani wa Nang Sorsing, ndiye aliyekata wa kwanza. Aliweka panga mgongoni, akabonyeza, na ngozi ikavunjika kwa sauti. Nong Bador alipokea kipande, akakitia upande wenye meno, akauma, ikalia tena ndani ya mdomo wake. Akatutazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Kumbe inalia," alisema.

Alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Alikuwa amekula nguruwe wa hasienda hii kila mwezi wa nane wa maisha yake.

Baada ya hapo sikumbuki mpangilio. Nakumbuka mikono. Nakumbuka watoto waking'ang'ania masikio, na kikongwe mmoja akilamba jani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kubakiza ni jambo la kujifunza, kama kupanda farasi. Wao wamefundishwa tangu utotoni, kipande hiki kidogo, kile kidogo, acha, sukuma sahani. Sisi tulikuwa hatujui mkono unasimamaje. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayebakiza. Na waliposhiba walifanya yale ambayo mtu wetu yeyote hufanya karamuni: walifunga cha kupeleka nyumbani. Cha mgonjwa, cha mtoto aliyelala, cha kesho. Majani ya mgomba yaliisha kwa vifurushi.

Godo alikuwa kwenye benchi anapiga kelele. Alipopata nafasi ya kutazama chini, palikuwa na mwanzi na doa la mafuta.

"Makombo yako wapi?" aliuliza.

Nong Bador alionyesha mwanzi. "Ule haujaguswa, Nong."

Godo hakucheka. Alimgeukia Nang Sorsing, ambaye muda wote alikuwa akikata na kugawa na hakuwa ameketi. "Mimi sijui," alisema Godo. "Kesho mchana wageni wako mezani. Kama hakuna sufuria, usingoje kinu. Jumatatu naleta lori la kukuhamisha."

Akaondoka. Na jua bado lilikuwa juu ya mashamba.

Mimi niliona huo ndio wakati. Nimesoma vitabu viwili vitatu vilivyokosa majalada na nilijua wakati ukifika unajulikana. Nikasema, "Nang, waache. Wakae mezani na vijiko vyao, kamera zimewashwa, waletewe sufuria tupu. Nchi nzima ione. Sufuria tupu ni hotuba kuliko zangu zote."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu tutasimama mbele ya lori."

"Mtasimama," alisema. "Kisha mtakwenda kulala. Wewe una nyumba."

Akachukua beseni lake la kufulia, akalisugua kwa majivu, akaenda mlango wa kwanza.

Niseme ukweli, kumwomba mtu nyama ndani ya msimu mfu, nyama ambayo ameshaifunga na kuitundika juu ya jiko, ni kama kumwomba akukatie kidole chake. Nang Ludi alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Nyama ikishaingia humu haijawahi kutoka, Sorsing."

"Najua."

"Sasa unanionaje?"

"Nakuona una kifurushi kikubwa kuliko mlango."

"Ni cha mama yangu."

"Mama yako hana meno."

"Ananyonya."

Wakatazamana. Nang Ludi akaingia ndani, akarudi na nusu ya kifurushi, akakitupa besenini. "Ukihamishwa wewe, nitaletewa mke wa dereva wa trekta," alisema. "Simjui. Wewe nimeshazoea kukuchukia."

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Mmoja alitoa mguu, mwingine alitoa shavu na masharti. Kuna aliyekataa kabisa, na jina lake ninalijua. Nong Bador alileta ubavu mmoja wenye alama ya kuumwa, na pengo la meno mawili likionekana katikati kama mlango.

"Nong, hii umeshaila."

"Nimeionja tu. Si mlisema lazima iwe imeachwa na mtu? Mimi ndiye mtu."

Mimi nilitoa sikio, na siulizwi nililitoa wapi.

Asubuhi ya Jumamosi Nang Sorsing alirudisha vipande vyote juu ya makaa mpaka vikaanza kulia upya, akavitia kwenye mbaazi na fenesi na batwan na bua la mchaichai, akaacha vichemke polepole. Nyama ile ilikuwa imepitia mikono ya mtaa mzima. Sijawahi kusikia harufu kama ile, na nilikuwa na njaa, maana sikio langu lilikuwa mle ndani.

Mezani walikaa Senyora, Bwana Ylagan, mwenye mahoteli na mkewe, na watu wa kamera wakizunguka. Mimi nilibeba sufuria pamoja na Nang Sorsing, kwa hiyo niliona. Bwana Ylagan aliinamia sahani, akafumba macho, kamera ikamsogelea.

"Hiki," alisema, "ni chakula cha unyenyekevu. Unaonja mikono ya watu humu."

"Bibi yangu alikuwa mnyenyekevu sana," alisema Senyora.

"Siri yake ni nini?"

"Ni kutokuwa na haraka," alisema Senyora. "Na nyama lazima iwe imelegea roho."

Mwenye mahoteli aliongeza mara mbili. Mkewe alipata ubavu wa Nong Bador. Aliugeuza, akalitazama lile pengo, akasema nyama imechongwa kwa ustadi wa kipekee, akaufyonza upande mmoja, kisha kwa adabu ya kwao akauacha pembeni mwa sahani, haujaisha.

Nilimwona Nang Sorsing akiutazama.

"Na huyu ndiye mpishi?" aliuliza Bwana Ylagan. "Mama, nakukumbuka. Bado unaishi kwenye ile nyumba ya mianzi? Tutaipiga picha leo. Usije ukaihama."

Godo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Senyora, kofia mkononi. Senyora alitabasamu kwa ajili ya kamera, na tabasamu likishafunguliwa mbele ya kamera lazima liwekewe kitu ndani.

"Ahame aende wapi?" alisema. "Sorsing ni wa nyumbani. Nyumba ile ni yake mpaka mwisho wa maisha yake. Sisi hapa ni familia moja."

"Asante, Senyora," alisema Nang Sorsing. Hakusogea. "Sijui kama Nong Godo amesikia. Siku hizi masikio yanamsumbua."

Kamera ikamgeukia Godo.

"Godo, umesikia?" aliuliza Senyora, meno bado yako nje.

"Nimesikia, Senyora."

Mwenye mahoteli akapiga makofi. Wenzake wakamfuata. Kwa nyumba ambayo Eliseo aliijenga Jumapili kwa Jumapili, mtu wa mahoteli alipiga makofi, na aliyepigiwa ni Senyora.

Jumapili lori lilikuja. Hatukulitegemea, lakini nyumba kubwa haimwagi chakula, ina sisi. Godo alisimama juu na upawa. Tulipanga mstari kama kawaida, tukashukuru kama kawaida, tukarudishiwa nguruwe wetu. Nong Bador alitazama bakuli lake kwa muda mrefu. Ubavu wenye pengo ulikuwa umelala juu ya mbaazi, umefyonzwa upande mmoja.

"Karibu nyumbani," aliuambia. Kisha kwa Godo, kwa sauti ya kanisani, "Namshukuru Senyora."

Mimi nilitaka kusema maneno pale. Nilikuwa nayo tayari, mengine tangu mwaka ule wa barazani. Lakini Nang Sorsing alinipokonya bakuli, akazunguka na beseni akikusanya kwa kila aliyetaka, na wote walitaka. Kwake alichuja nyama yote, akaichambua na kuinyofoa kwenye mifupa, akaipiga na mayai na bilingani lililochomwa, akakaanga vimanda vipana vya nyama, vya kahawia, kingo zimekauka. Mchuzi uliobaki akaukaangia wali na vitunguu saumu. Tulijaa ndani ya vile vyumba viwili mpaka sakafu ya mianzi ikalalamika. Nang Ludi alikalia ndoo. Mama yake alinyonya.

Ndipo Godo alipotokea mlangoni. Alisema amepita tu, kuangalia bati. Wapiga picha watarudi, na Senyora anataka lile tundu lizibwe. Alilitazama bati kwa haraka, akaitazama sahani kwa utulivu. Nyumba kubwa, ilijulikana baadaye, hawakuwa wamembakizia kitu. Wageni walikuwa wamekula vizuri, na mabaki yote yalipanda lori.

"Karibu tule, Nong Godo," alisema Nang Sorsing.

"Hapana Nang, nimeshiba," alisema Godo, kama adabu inavyotaka, na tayari mkono mmoja ulikuwa unavua kofia.

Nang Sorsing alirudi kwenye sahani yake. Akamega, akachovya kwenye siki, akatafuna taratibu, macho yako dirishani kwenye mbaazi zake. Sisi tuliacha kutafuna. Godo alingoja. Mtu aliyekaribishwa mara moja akakataa hana la kufanya zaidi ya kungoja, na alingoja na kofia yake kifuani kama mtu aliyefiwa. Ile ilikuwa nyumba ya mwanamke yule mpaka mwisho wa maisha yake, na Godo mwenyewe alikuwa amelisikia hilo mbele ya kamera.

"Pita kesho basi," alisema Nang Sorsing hatimaye, bila kugeuka. "Kutakuwa na makombo."

Godo akavaa kofia. Tuliokuwa ndani tulihakikisha hayapo.